Ukuta wa korido unaoguswa na kila mtu

Watu wengi Kisii na Nyamira huingia katika duka la vifaa vya ujenzi wakiwa na swali moja tu: rangi gani? Kadi ya rangi hufunguliwa juu ya kaunta, mume anataka krimu, mke anataka nyeupe, na muuzaji husubiri wamalize. Kama rangi hiyo ing'ae au ising'ae, hilo huachiwa fundi, na mara nyingi fundi hubeba kopo la bei nafuu. Msimu mmoja wa mvua ukipita, ukuta wa korido huwa umejaa alama za mikono kuanzia kwenye swichi ya taa hadi mlango wa jikoni. Hapo lawama zote huangukia weupe wa rangi, na safari ijayo familia hupaka kahawia. Nayo kahawia huchafuka vilevile.

Ndani ya kopo la rangi mna unga unaoleta rangi yenyewe na gundi inayoushika unga huo ukutani. Unga ukizidi, ukuta hukauka ukiwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, mwanga hutawanyika, na tunasema rangi haing'ai. Mafuta ya kupikia, jasho la viganja na matope huingia katika vitundu hivyo. Ukisugua kwa kitambaa chenye maji, unatoa uchafu pamoja na rangi. Gundi ikizidi, uso hufunga, mwanga hurudi, na uchafu hubaki juu ambapo kitambaa hufika. Kwa hiyo mng'ao si pambo tu. Ni dalili ya ukuta kuvumilia kuoshwa.

Katika nchi ya Abagusii jambo hili lina uzito wa pekee. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika kaunti mbili ambazo ardhi yake ni finyu. Nyumba zina watoto, binamu, wageni na majirani. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima na udongo ni mwekundu, wa kunata. Mtoto anayetoka shuleni Keroka au Kebirigo saa kumi alasiri, baada ya mvua, huvua viatu huku ameegemea ukuta kwa mkono mmoja. Mkono huo ndio unaopaswa kuamua rangi ya korido.

Zamani tatizo hili halikuwapo. Nyumba ya udongo ilikandikwa kwa udongo, samadi ya ng'ombe na majivu, na ukuta ulipochafuka haukuoshwa bali ulikandikwa upya. Tumehamia kwenye matofali na plasta ya saruji, lakini wengi wetu bado tunanunua rangi kana kwamba tutaipaka tena kila mwaka. Hatuipaki.

Dukani utakuta rangi ya maji isiyong'aa, ambayo ndiyo ya bei ya chini. Utakuta silki, ambayo nayo ni ya maji lakini ina mng'ao laini. Kisha kuna glosi, ile rangi ya mafuta inayopakwa milangoni na madirishani. Maduka makubwa huwa na nyingine za katikati, lakini kwa nyumba nyingi hizi tatu zinatosha. Rangi isiyong'aa iwekwe darini na katika vyumba vya kulala vya watu wazima, kwani inaficha mabonde ya plasta, na ukiiziba mahali pamoja kiraka hakionekani sana. Silki inafaa sebuleni, koridoni na chumba cha watoto, ila ikichubuka upake ukuta mzima kutoka kona hadi kona, la sivyo kiraka kitang'aa peke yake. Glosi ni ya milango, fremu na mahali panapoguswa mchana kutwa.

Lakini mng'ao ni msema kweli. Wachongaji wa mawe ya Tabaka wanalijua hilo kuliko fundi yeyote wa rangi: jiwe husuguliwa kwa msasa na maji mpaka mikwaruzo iishe, ndipo linapakwa nta, kwa sababu nta ikipakwa mapema kila mkwaruzo hujitokeza. Ukuta ni hivyo hivyo. Plasta iliyopigwa ovyo ikipakwa glosi, taa ya usiku itaonyesha kila alama ya mwiko. Anayetaka silki au glosi aweke kando pesa za kulainisha ukuta kwanza. Asiye nazo abaki na rangi isiyong'aa mpaka azipate.

Kuna suluhisho ambalo tumelitazama tangu utotoni bila kulichukua. Ingia shule yoyote ya msingi au zahanati: sehemu ya chini ya ukuta ina ukanda wa rangi ya mafuta, kahawia au buluu, na juu yake krimu. Wengi huuona ukanda huo kuwa wa kiserikali mno kwa nyumba ya mtu. Mimi nauona kuwa ndio akili yenyewe. Si lazima uwe wa rangi ya shule. Chini na juu panaweza kuwa na rangi moja, mng'ao tu ukatofautiana. Hesabu yake ni nyepesi. Korido ya mita 6, pande zote mbili, ukanda wa kimo cha mita 1.2, ni mita za mraba 14.4. Lita moja hufunika takriban mita 10 hadi 12 za mraba ikipakwa mara moja, kwa hiyo kupaka mara mbili kunahitaji lita tatu hivi. Kopo moja la lita 4 linatosha, na rangi hubaki ya kupaka fremu ya mlango.

Adui mkubwa huku ni unyevu. Plasta mpya husubiri kama wiki nne kabla ya rangi, na huku kwetu ni zaidi mvua ikikazana. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya ukuta wenye maji huvimba malengelenge na kubanduka. Jaribu hivi: bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone nyuma yake, rudisha kopo stoo. Nyumba iliyojengwa bila karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi haitaponywa na rangi yoyote, hata ya bei ghali. Huko anza na mfereji wa nje na mabomba ya kuvuna maji ya paa. Ukungu mweusi nao usifunikwe kwa rangi. Uoshwe kwa jiki na maji, ukauke, ndipo upake.

Jikoni kwa gesi, silki juu na glosi nyuma ya meko. Jikoni kwa kuni, ile nyumba ya nje yenye mafiga, usipoteze pesa za silki: chokaa hupumua, ni rahisi, na hupakwa upya bila uchungu. Na kama unakwangua glosi kuukuu, tumia msasa wa maji na uwaweke watoto mbali, kwani rangi za zamani huenda zina risasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni ndani ya rangi.

Linabaki suala la wakati. Kila mtu hupaka Novemba ili nyumba ing'ae wana wa mjini wakirudi Desemba kwa Krismasi na sherehe za tohara. Novemba ni mwezi wa mvua, na mvua ya Gusii hupenda kushuka alasiri. Anayelazimika kupaka wakati huo aanze saa nne asubuhi, umande ukiisha, na aweke brashi chini kabla ya saa nane. Anayeweza kuchagua apake Januari au Julai, mvua inapopungua.