Herufi Moja Yaweza Kugeuza Habari

Kila mtu aliyepata kukaa darasani anaikumbuka imla. Mwalimu husoma maneno polepole, nao wanafunzi huyaandika kama wayasikiavyo; kisha madaftari hukusanywa, na kalamu nyekundu huanza kazi yake. Hapa kwetu jambo hili kwa kawaida huishia mlangoni mwa shule. Lakini ziko nchi ambako kuendeleza maneno, yaani kutaja au kuandika herufi zake zote bila kukosea, ni mashindano makubwa yanayotazamwa na taifa zima. Yafaa tuulize kwa nini ni hivyo, na sisi tunaoandika Kiswahili twaweza kujifunza nini.

Mashindano yanayojulikana zaidi ni ya Marekani. Yalianza mwaka 1925 kwa juhudi za gazeti moja la mji wa Louisville, na watoto 9 tu ndio waliofika katika shindano la mwisho mjini Washington. Mshindi alikuwa Frank Neuhauser, mwenye umri wa miaka 11, aliyeendeleza sawasawa jina la ua, gladiolus. Siku hizi washindani huwa zaidi ya 200. Mtoto husimama peke yake mbele ya waamuzi, akatajiwa neno. Ana ruhusa kuuliza maana yake, lugha lilikotoka, na kulisikia likitumiwa katika sentensi. Kisha hutaja herufi moja baada ya moja. Akikosea hata moja, kengele hulia naye huondoka jukwaani. Mwaka 2019 watoto 8 walijibu kila neno walilopewa mpaka usiku, hata ikabidi wote 8 watangazwe washindi, na kila mmoja akapewa dola 50,000.

Mtu asidhani kuwa huo ni mchezo mtupu. Mwaka 1936 msichana Mwafrika wa Marekani, MacNolia Cox, mwenye miaka 13, alifika Washington kutoka mji wa Akron. Kwa sababu ya ubaguzi wa siku zile hakuruhusiwa kulala katika hoteli pamoja na watoto wenzake. Hata hivyo aliendelea kushinda mpaka wakabaki watoto watano, ndipo alipopewa neno nemesis, ambalo waliomsindikiza walidai kuwa halikuwamo katika orodha iliyokubaliwa. Alilikosea, akatoka. Miaka 85 ikapita. Mwaka 2021 msichana Zaila Avant-garde, mwenye miaka 14, akawa Mwafrika wa Marekani wa kwanza kuwa bingwa wa mashindano hayo. Neno lake la mwisho lilikuwa Murraya, jina la jamii ya miti.

Sasa, kwa nini Kiingereza kinafaa sana kwa shindano la namna hii? Sababu ni kwamba maandishi yake na matamshi yake yaliachana zamani. William Caxton alipoleta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, maneno mengi yalikuwa yakiandikwa karibu na yalivyotamkwa. Katika neno knight, kwa mfano, hapo kale herufi k ilisikika, na gh pia ilisikika. Baadaye matamshi yakabadilika, lakini vitabu vilikwisha zoea maandishi ya kale. Zaidi ya hayo, Kiingereza kimekopa maneno kwa Wafaransa, Walatini, Wayunani na wengine wengi, kikayaacha na mavazi yake ya kigeni. Ndiyo maana herufi nne, o-u-g-h, hutamkwa namna moja katika though, namna nyingine katika through, na nyingine tena katika cough. Asiyelijua neno hawezi kulibahatisha.

Wafaransa nao wana shida iyo hiyo, kwa maana katika lugha yao herufi nyingi za mwisho wa neno huandikwa bila kutamkwa. Lakini wao hawamsimamishi mtu jukwaani ataje herufi. Husoma habari nzima, na washindani wakaiandika. Husimuliwa kwamba mwaka 1857 mwandishi Prosper Mérimée aliwapa wakuu wa nchi imla ya namna hiyo. Mfalme Napoleon wa Tatu akafanya makosa 75, na mkewe 62, lakini balozi wa Austria, ambaye alikuwa mgeni, akafanya makosa 3 tu. Kuanzia mwaka 1985 mashindano ya imla yaliyoongozwa na Bernard Pivot yalipendwa sana katika televisheni ya Ufaransa. Wafaransa wanayashika maandishi yao kama mali ya urithi. Mwaka 1990 wataalamu walishauri maneno kadhaa yaandikwe kwa njia rahisi zaidi; na mwaka 2016, vitabu vya shule vilipokaribia kuyafuata mashauri hayo, kelele zilisikika nchi nzima.

Nchini China hakuna herufi za kutaja, kwa kuwa kila neno huandikwa kwa alama moja au zaidi, na alama hizo ni maelfu. Mwaka 2013 televisheni ya huko ilianzisha shindano la vijana kuandika alama hizo kwa mkono. Watu wengi walikuwa wakilalamika kwamba, tangu waanze kuandika kwa simu na mashine, mikono yao inasahau alama ambazo macho yao bado yanazitambua.

Twarudi kwetu. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika hati nyingi za kale herufi moja, ba, ilisimama badala ya b, p na hata mb. Msomaji alipaswa kulijua neno kabla ya kulisoma. Wamisionari walipoleta herufi za Kirumi, kila mmoja aliandika alivyoona vema. Hatimaye mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kamati hiyo ilileta mapatano juu ya namna ya kuandika maneno.

Mapatano hayo hayakukamata kila sauti. Mtu wa Mombasa hulitamka paa la nyumba mbali na paa wa porini, ambaye jina lake hutokea na pumzi nyingi. Lakini katika vitabu maneno hayo mawili yameandikwa sawa. Hata hivyo faida ni kubwa. Mtoto akizijua herufi na sauti zake, aweza kusoma karibu kila neno la Kiswahili, hata asilopata kulisikia. Shindano la Kimarekani kwetu lingekwisha mapema.

Lakini hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, anayetamka vibaya huandika vibaya. Baadhi ya lugha zetu za nyumbani hazitenganishi l na r, na nyingine hazina sauti za dh na th. Hilo si aibu kwa mtu yeyote, ila lina hasara zake. Kijana aliyeko mjini akimwandikia baba yake kwamba amepata mahari, mzee ataanza kuwaita jamaa wazungumze habari za posa. Kumbe kijana alitaka kusema kwamba amepata mahali pa kulala. Kura humchagua kiongozi, bali kula hushibisha tumbo. Ajali ni msiba wa ghafula, na hajali ni habari ya mtu asiyejishughulisha. Hatari zaidi ni dhamini na thamini. Anayemthamini ndugu yake humheshimu. Anayemdhamini hujifunga kulipa deni lake. Mtu akitia sahihi barua yenye neno moja badala ya jingine, huenda akaitwa kulipa fedha ambazo hakuzikopa.

Kwa hiyo shauri letu kwa wasomaji ni hili. Ukiisha kuandika barua ya maana, isome kwa sauti kabla ya kuipeleka. Ukilitilia shaka neno, litazame katika kamusi, au umwulize mtu aliyekulia katika lugha hii. Walimu nao wasiiache imla kwa kudhani kuwa Kiswahili ni rahisi. Wawazoeze watoto kuzisikia l na r, dh na th, na h iliyo mwanzoni mwa neno. Mtoto aliyezoezwa hivyo pengine hatapewa zawadi jukwaani, lakini siku atakapoandika mkataba, ataandika lile alilokusudia.