Je, Wajua? Gitaa la Voi na Ngoma ya Mombasa Zaweza Kukutana Hewani

Je, wajua kwamba mpiga gitaa wa Voi anaweza kupiga wimbo na mpiga ngoma wa Mombasa, kila mtu akiwa kwake, na mapigo yasipishane? Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo wa intaneti, mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya Voi hadi Mombasa, kilomita 160 hivi, huimaliza kwa chini ya milisekunde 1. Sauti ya kawaida hewani huenda polepole zaidi: mita 10 tu huichukua milisekunde 29. Wanakwaya wawili waliosimama kwenye ncha mbili za kanisa pale Wundanyi tayari husikiana kwa kuchelewa.

Masikio huvumilia kiasi gani? Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Chris Chafe na wenzake waliwaweka watu wawili wawili katika vyumba tofauti wapige makofi pamoja. Sauti ilipochelewa chini ya milisekunde 10, watu waliharakisha. Ilipochelewa sana, kila mmoja alimngoja mwenzake na mwendo ukazorota. Wanamuziki wengi hukwama ikizidi milisekunde 30.

Ndugu aliye Ghuba yuko ukingoni kabisa. Mkongo wa TEAMS, uliofika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, una urefu wa karibu kilomita 5,000, sawa na milisekunde 25. Marekani, alikoishi kwa miaka mingi Fadhili William, mzaliwa wa Taita Taveta aliyeirekodi “Malaika”, ni milisekunde 60 hata mkongo ungenyooka kama rula. Huko hakuna ujanja wa kuushinda mwanga.

Ila upo wa kuuzunguka. Programu ya NINJAM, ya mwaka 2005, huchelewesha sauti makusudi kwa mzunguko mzima wa mapigo, kila mtu akapiga juu ya mzunguko uliopita wa mwenzake. Muziki wa kurudiarudia huukubali mtindo huu vizuri.

Kwa walio karibu, mharibifu mkubwa ni vifaa. Hedifoni za Bluetooth pekee mara nyingi huongeza zaidi ya milisekunde 100, na simu za video hazikuundwa kwa muziki. Basi kwaya na bendi za Voi, Mwatate na Taveta, jaribuni: kompyuta iunganishwe kwa waya badala ya Wi-Fi, hedifoni ziwe za waya, na programu iwe Jamulus au JackTrip, zote za bure. Anzeni na wimbo wa mwendo wa polepole.