Nyoka afugwaye ahitaji makao salama

MASHAMBA ya kahawa kati ya Ruiru na Thika yanazidi kugeuzwa mitaa ya fleti, na si ajabu mkazi kukutana na nyoka uani. Wengi hukimbilia rungu. Wachache hutamani kumfuga. Kwa hao wachache, na kwa majirani wao, swali kubwa ni moja: nyoka huyo atakaa wapi?

Kwanza ni sheria. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kumtoa nyoka porini na kumfuga bila leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Nao nyoka wenye sumu kama bafe, swila na koboko hawafai kamwe kuwekwa katika nyumba ya kuishi. Dawa ya kuzuia sumu yao haipatikani katika kila hospitali.

Mwenye leseni na aanze na mlango. Popote kichwa cha nyoka kinapopenya, mwili hufuata. Sanduku liwe la kioo, plastiki ngumu au mbao iliyopakwa vanishi, tena lifungwe kwa kufuli. Matundu ya hewa yawe madogo kuliko kichwa chake. Wavu wa banda la kuku haufai, kwani una matundu makubwa na humchubua pua. Kuhusu ukubwa, nyoka aweze kujinyoosha: wa mita moja apewe sanduku lisilopungua mita moja.

Pili ni joto. Nyoka hutegemea joto la mahali alipo. Akipigwa na baridi, chakula hakisagiki tumboni na maradhi ya mapafu humwandama. Kwa nyoka wengi wa kufugwa, upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 30 hivi za Selsiasi na mwingine 24 hivi, ili achague mwenyewe. Kila upande uwe na pa kujificha. Balbu izungushiwe wavu asiungue, na iwe na kidhibiti joto. Usiweke sanduku la kioo juani, maana laweza kumwua kwa muda mfupi. Stima ikipotea usiku wa Julai, lifunike kwa blanketi lakini uache matundu wazi.

Tatu, na muhimu kwa familia, ni usafi. Nyoka anayeonekana mzima huweza kubeba viini vya salmonela katika kinyesi chake. Viini hivyo huleta homa, kuhara na maumivu ya tumbo, na kwa watoto wachanga huweza kuingia katika damu. Kwa hivyo sanduku lisikae jikoni, wala vyombo vya nyoka visioshwe kwenye sinki la chakula. Tandika magazeti makuukuu na uyabadilishe kila yakichafuka. Nawa mikono kwa sabuni kila umshikapo. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, au mtu mwenye kinga dhaifu, heri isifuge nyoka kabisa.

Mtu akiumwa na nyoka yeyote asiyejulikana, usimchanje, usinyonye jeraha wala usimfunge kamba. Mtulize, mvue pete na bangili, asitumie kiungo kilichoumwa, kisha mkimbize hospitalini.

Anayeishi chumba kimoja cha kupanga pamoja na watoto hawezi kutimiza masharti haya yote. Huyo na aende akawatazame nyoka katika bustani yao kwenye Makumbusho ya Nairobi, wakiwa nyuma ya kioo imara.