HADITHI IPI KWA MTOTO YUPI?

Kutoka Uganda

Makala hii ni ya watoto wetu, lakini inaanza na karatasi ya mtu mzima.

Mwaka juzi, katika shamba moja la chai upande wa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, mchumaji mmoja aliletewa karatasi akaambiwa atie sahihi. Akatia. Mwisho wa mwezi alikuta mshahara wake umekatwa, na alipouliza ofisini akaonyeshwa sahihi yake mwenyewe. Akaja kwangu, maana mimi ni katibu mwenezi wa chama katika eneo hilo. Karatasi ilikuwa na Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, kwa kuwa kambi ile ina watu wa makabila mengi na wengine wametoka Kongo. Miwani yangu ilikuwa imevunjika, kwa hiyo tukamwita mwanawe wa darasa la tano atusomee.

Mtoto alisoma upande wa Kiswahili vizuri sana, kwa sauti, bila kukwama hata mara moja. Baba yake akafurahi. Nilipomwuliza, "Sasa mwanangu, karatasi imesema nini?" mtoto akanyamaza. Alikuwa ameyatamka maneno yote na hakuelewa hata moja.

Siku ile ndipo tulipokubaliana, wazazi na tawi la chama, kuwa na kisomo cha watoto kila Jumapili jioni chini ya mwembe wa kambi. Napenda kuwaeleza wenzetu wa nchi jirani tuliyojifunza, pamoja na makosa yetu, ili nanyi msiyarudie.

KOSA LANGU LA KWANZA

Kosa la kwanza nililifanya mimi. Nina sanduku la vitabu aliloniachia marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli hapo Tororo tangu siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Elimu yangu ni ya darasa la saba tu, na mengine nimeyapata katika sanduku hilo. Kitabu ninachokipenda kuliko vyote humo ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Ndani yake yumo Karama, anayeshtakiwa kwa kuwa alitaka kuwafundisha watu sheria. Anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, na waliporudi na mema wakatupwa gerezani. Mtu wa chama akikianza kitabu hiki hawezi kukiweka chini.

Basi nikawaletea watoto kitabu hicho. Walikuja 23 Jumapili ya kwanza. Nilipofika ukurasa wa pili, wadogo walikuwa wamelala na wakubwa wanatupia maembe mawe. Jumapili ya pili walikuja saba.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi karibu na kambi, alikuwa amekaa pembeni akinitazama. Akaniambia, "Ndugu katibu, umewapa watoto mfupa kabla hawajaota meno. Kitabu ni kizuri, lakini umekichagua kwa ajili yako." Nilitahayari, lakini ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo yeye ndiye kiongozi wa kisomo chetu, na haya nitakayoeleza mengi ni yake.

KUPIMA MTOTO

Jambo la kwanza, usimwulize mtoto yuko darasa la ngapi. Mpe ukurasa asome. Katika kambi zetu mtoto wa darasa la sita aweza kuwa anasoma kama wa darasa la pili, kwa sababu alikosa shule miezi mingi akilea mdogo wake au akimsaidia mama kuchuma. Tangu mwaka 1997 Serikali ya Uganda ilipofuta karo ya shule za msingi, watoto wengi sana waliingia shule, na hilo ni jema. Lakini kuwa darasani ni jambo moja na kujua kusoma ni jambo jingine.

Kipimo chenyewe ni vidole vya mkono mmoja. Mtoto anasoma ukurasa mmoja, na kila neno linalomshinda anakunja kidole. Akikunja kimoja au asikunje, kitabu hicho ni chepesi, akisome kwa kujifurahisha. Akikunja viwili au vitatu, hicho ndicho cha kujifunzia. Akifunga ngumi nzima, kiwekwe kwanza, au mtu mzima amsomee.

Lakini Kiswahili kina mtego wake. Lugha yetu husomwa kama ilivyoandikwa. Mtoto akishajua herufi na silabi aweza kutamka hata asichokielewa, kama yule wa karatasi ya mshahara. Kwa hiyo vidole peke yake havitoshi. Mtoto akimaliza ukurasa, mwambie afunge kitabu akusimulie alichosoma kwa maneno yake, hata kwa lugha ya nyumbani kwao. Akishindwa, bado hajausoma ukurasa huo.

Tena yatazameni maneno marefu. Neno kama "alipomwambia" lina mambo mengi ndani yake: nani aliyesema, lini, na nani aliyeambiwa. Mwalimu wetu huliandika ubaoni vipande vipande, a-li-po-mw-ambia, watoto wakaeleza kila kipande. Hadithi yenye maneno mengi ya namna hiyo ni ya ngazi ya juu, hata kama kisa chenyewe ni kifupi.

NGAZI NNE

Ngazi ya kwanza ni hadithi za wanyama. Sababu ni kwamba mtoto amekwisha kuzisikia. Sungura mjanja yuko kila mahali, na Waganda humwita Wakayima. Mtoto anayejua tangu nyumbani kwamba sungura atamshinda fisi hana mzigo wa kutafuta kisa, anatafuta maneno tu. Hapa ndipo tunaposoma pia kisa cha kima na papa, ambamo kima anajiokoa kwa kusema kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kisa hiki ni cha zamani. Askofu Edward Steere alikiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kukichapa London mwaka 1870, pamoja na hadithi nyingine za Kiswahili.

Ngazi ya pili ni Abunuwasi. Visa vyake ni vifupi, sentensi zake zimenyooka, na mwisho wake unachekesha. Lakini sababu yetu kubwa ni nyingine. Tulikuwa na msichana wa miaka 13 ambaye hakwenda shule miaka miwili. Kwa kusoma alikuwa sawa na watoto wa miaka 8, nasi tukamweka nao kwenye hadithi za sungura. Akaja mara mbili, ya tatu hakuonekana. Mama yake akatuambia kwamba anaona aibu. Mwalimu akamfuata nyumbani, akamchukulia kisa cha maskini aliyekula chakula chake kikavu kwa harufu ya mchuzi wa tajiri, tajiri akadai alipwe harufu yake, na Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa fedha. Maneno yake si magumu kuliko ya sungura, lakini ni kisa cha watu wazima, chenye shauri na hukumu. Msichana akacheka, akarudi. Kumbukeni, wenzangu: mtoto mkubwa asiyejua kusoma ni mtoto mkubwa. Mpeni maneno mepesi, msimpe kisa cha kitoto.

Ngazi ya tatu ni hadithi ndefu zinazogawanywa kwa wiki. Tumesoma ile ya Sultani Darai, ambayo nayo imo katika kitabu cha Steere. Maskini anayechakura jaani anapata senti, ananunua paa, na paa anamtajirisha. Paa alipougua, bwana wake akamnyima hata chakula kizuri, paa akafa. Mwisho bwana anajikuta jaani tena. Tumesoma pia Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952, juu ya mtu aliyelazimika kuwapiga manyani wawili kila usiku, kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa. Mtoto hulala akijiuliza kwa nini, na Jumapili huja mapema.

Mzazi mmoja alitushauri tubadili mwisho wa hadithi ya paa ili wadogo wasilie. Tulikataa. Ukitaka kumrahisishia mtoto, punguza urefu wa sentensi, lakini usiuondoe ukweli wa hadithi. Watoto walilia kweli, kisha wakabishana jioni nzima juu ya bwana asiyekumbuka aliyemtendea wema. Sikuhitaji kuongeza neno.

Ngazi ya nne ndipo Kusadikika. Mwaka huu watoto sita wa miaka 14 na zaidi wanakisoma, kurasa mbili kila Jumapili, mtu mzima akiwa pamoja nao.

MASHAIRI

Mashairi yana ngazi yake, na huanza sikioni. Mtoto asikie kwanza, apige makofi, ndipo aone maandishi. Anza na utenzi, maana mstari wake una mizani 8 tu na mtoto huweza kuuhesabu kwa vidole. Shairi lenye mizani 16 kwa mstari, lililogawanyika mara mbili, lifuate baadaye. Yale ya kale ya Kiamu na Kimvita, kama utendi ambao Mwana Kupona alimwandikia binti yake mwaka 1858, yawe ya mwisho, kwa kuwa maneno yake yanawatatiza hata wakubwa. Lakini habari yenyewe, ya mama mgonjwa aliyemwachia binti yake urithi wa maneno, hata mdogo aweza kusimuliwa.

Angalieni na hili: mtoto hulishika shairi kwa moyo upesi, akawadanganya kwamba anasoma. Funika shairi kwa karatasi, acha neno moja la katikati, umwulize ni neno gani.

KAZI ILIYO MBELE

Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni maneno ya juu. Huku kambini tuna vitabu 11, na hadithi za kale tunaziandika wenyewe kwa mkono nyuma ya kalenda zilizokwisha. Naomba kila tawi linalosoma makala hii liwe na sanduku moja la vitabu, lililopangwa kwa ngazi, na mtu mmoja wa kulitunza. Halihitaji jengo.

Mwezi uliopita mama wa yule msichana naye aliletewa karatasi. Hakutia sahihi papo hapo, aliomba aende nayo nyumbani. Msichana akaisoma polepole, akakunja vidole viwili. Kisha akasimama mahali pamoja akasema, "Mama, hapa wameandika isipokuwa. Isipokuwa nini? Hawakumaliza."

Asubuhi mama alituletea karatasi ile tawini. Shauri lake bado tunalizungumza na mwajiri, wala siwezi kusema litakwishaje. Lakini sahihi haijatiwa.