Gitaa Linalofika Nyumbani Likiwa Vipande

Leo Fender hakujua kupiga gitaa. Alisomea uhasibu, akawa fundi redio katika mji wa Fullerton, California, na dukani kwake alitengeneza redio pamoja na amplifaya za wanamuziki wa eneo lile. Nadhani ndiyo sababu gitaa alilolitoa mwaka 1950, ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Telecaster, halikufuata desturi za watengenezaji wa magitaa. Desturi ilitaka shingo ichongwe ulimi, ipachikwe kwenye kiwiliwili kwa gundi na ikae humo maisha yote ya chombo. Fender aliifunga kwa skrubu nne. Ikiharibika, unaifungua, unaweka nyingine, kazi inaendelea. Kwa mtu aliyezoea kubadilisha valvu zilizoungua katika redio, hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Skrubu hizo nne ndizo zilizofungua njia ya seti za kujiundia gitaa zinazouzwa leo. Ndani ya boksi mnunuzi hukuta kiwiliwili cha mbao kilichokwisha kukatwa umbo na kuchimbwa mashimo, shingo iliyopangwa freti, daraja la chuma, vikaza nyuzi sita, pikapu, vitufe vya sauti, waya, kifuko cha skrubu na nyuzi zenyewe. Mara nyingi umbo ni la Telecaster au la mdogo wake, Stratocaster, aliyetoka mwaka 1954. Kazi ya msumeno na randa imemalizwa kiwandani. Iliyobaki huonekana kuwa ya bisibisi tu, na hapo wengi hudanganyika. Gitaa zuri hutofautiana na baya kwa sehemu za milimita, na sehemu hizo karibu zote zimeachwa mikononi mwa mnunuzi.

Tuanze na kinachozaa sauti. Gitaa kavu lina tumbo tupu: nyuzi hutikisa ubao wa juu, ubao hutikisa hewa, nasi tunasikia. Gitaa la umeme lenye kiwiliwili cha mbao nzima halitegemei tumbo. Chini ya nyuzi zake hukaa pikapu, ambayo kwa Stratocaster ni vijiti sita vya sumaku vilivyozungushiwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi. Waya huo huzungushwa karibu mara 8,000, na ukinyooshwa wote hupita kilomita moja. Sumaku huufanya uzi wa chuma ulio juu yake nao uwe sumaku kidogo. Uzi ukitetema, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hupanda na kushuka pamoja nao, na kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Uzi mnene wa E ulio juu kabisa hutetema mara 82 kwa sekunde. Umeme unaozaliwa hufuata mwendo huo huo. Amplifaya huukuza, spika huurudisha kuwa sauti.

Kwa hiyo nyuzi za nailoni zingebaki bubu kwenye pikapu hii hata zipigwe kwa nguvu zote, kwa sababu pikapu husikia chuma tu. Mtu wa kwanza kuifanikisha katika biashara alikuwa George Beauchamp, mpiga gitaa aliyeshirikiana na Adolph Rickenbacker huko Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hataza yake ilitolewa mwaka 1937, na gitaa lao la kwanza lilikuwa la aluminiamu, la kulaza mapajani. Hakuna aliyelisifu kwa utamu wa mbao zake, maana hazikuwepo.

Nalisema hilo kwa makusudi. Wanunuzi wa seti hujadiliana sana kuhusu mbao za kiwiliwili, na wauzaji huwasaidia kujadiliana. Maoni yangu ni kwamba mbao zina mchango, ila ni mdogo mno ukilinganisha na mahali pikapu ilipowekwa. Karibu na daraja uzi hucheza kidogo sana katika mtetemo wake mkuu, huku mitetemo midogo midogo ya juu ikisikika waziwazi. Ndiyo maana pikapu ya nyuma ina sauti kali yenye makali ya wembe. Pikapu ya karibu na shingo hukaa mahali uzi unapocheza kwa upana, sauti ikawa nene na laini. Sogeza pikapu sentimita chache na gitaa linageuka lingine. Fedha ya kununulia mbao adimu afadhali iende kwenye pikapu, vikaza nyuzi na freti.

Seti yenyewe ina hesabu moja ambayo mnunuzi hawezi kuibadilisha, nayo ni nafasi za freti. Urefu wa uzi katika magitaa ya Fender, kutoka kizingiti, kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho mwisho wa shingo kabla ya kichwa, mpaka darajani, ni milimita 648. Gawanya urefu huo kwa 17.817 na utapata milimita 36.4: hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Chukua urefu uliobaki, ugawanye tena kwa namba ile ile, utapata nafasi ya pili, na kuendelea. Ukifika freti ya kumi na mbili utakuta umefika katikati kabisa ya uzi, milimita 324, na noti ni ile ile ya uzi mtupu ila oktavu moja juu. Kila freti ni nusu toni. Kosa la nusu milimita kwenye freti ya kwanza sikio hulisamehe. Kosa hilo hilo kwenye freti ya ishirini, ambako uzi umebaki na sentimita ishirini tu, hufanya madhara karibu mara tatu. Viwanda hukata nafasi hizi kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na hata seti ya bei nafuu kwa kawaida haina kosa hapo.

Kujiundia gitaa si jambo la wenye seti peke yao. Franco Luambo Makiadi, kabla hajawa bwana mkubwa wa rumba ya Kongo, alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea la kopo la bati na nyaya. Huko Uingereza, mwaka 1963, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May hakuwa na fedha za kununua Stratocaster, akaamua kuunda gitaa pamoja na baba yake Harold, mhandisi wa elektroniki. Shingo waliichonga kutoka ubao wa meko kuukuu wenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya kiwiliwili ilitoka kwenye meza ya mwaloni. Springi mbili za valvu za pikipiki zilisawazisha mvuto wa nyuzi, daraja likabembea juu ya makali ya kisu cha zamani, na alama nyeupe za ubao wa vidole zilikuwa vifungo vya lulu kutoka kisanduku cha kushonea cha mama. Gitaa hilo, Red Special, ndilo linalosikika katika nyimbo za bendi ya Queen, nyuma ya sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. May, ambaye baadaye alipata shahada ya udaktari katika elimu ya anga, amelipiga kwa zaidi ya nusu karne, na mwaka 2002 alipanda nalo juu ya paa la Buckingham Palace.

Upande wa pili wa Atlantiki, katikati ya miaka ya 1970, maduka ya California yalianza kuuza vipuri vya magitaa kimoja kimoja. Schecter ilianza hivyo mwaka 1976, kabla ya kuwa kampuni ya magitaa kamili. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alinunua kiwiliwili cha bei rahisi na shingo isiyopakwa rangi, akachimba nafasi ya pikapu aliyoitoa kwenye gitaa la kampuni ya Gibson, akaichovya katika nta iliyoyeyuka ili isipige ukelele. Nta huzishika koili zisitetemeke zenyewe. Kwa gitaa hilo alirekodi albamu ya kwanza ya bendi yake, iliyotoka mwaka 1978, na vijana wengi baada yake wakaacha kuogopa bisibisi.

Sasa turudi kwenye boksi. Hatua ya kwanza ni kufunga gitaa lote likavu, bila rangi wala gundi, ili makosa ya kiwanda yaonekane mapema. Nyosha nyuzi mbili za kushonea kutoka kizingitini hadi darajani, pale zitakapopita E mbili za pembeni. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa ubao wa vidole inapaswa kulingana kushoto na kulia. Isipolingana, legeza skrubu nne, sogeza shingo kidogo, kaza tena. Kisha pima kutoka freti ya kumi na mbili hadi darajani: 324 kwa uzi mwembamba, milimita tatu au nne zaidi kwa uzi mnene. Uzi mnene ni mgumu, na ukibonyezwa hupanda sauti kuliko hesabu inavyotaka. Urefu wa ziada huishusha.

Kisha fungua kila kitu upake rangi. Msasa uanze na namba 120, upande hadi 240 na 400, ukifuata mkondo wa mbao. Viwiliwili vingi vya seti hupakwa kizibo kiwandani, na rangi ya kupenya haitashika mpaka kizibo hicho kiondoke. Tone la gundi lililokauka huacha baka jeupe lisilofutika. Mfuko wa shingo usipakwe kabisa, maana tabaka nene la rangi huizuia shingo isikae.

Ubao wa vidole nao una hadithi yake. Mwanzoni mwa 2017 mkataba wa CITES uliiweka jamii nzima ya miti ya Dalbergia, inayotoa mbao za ubao wa vidole, pamoja na mpingo wetu, chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa, na watengenezaji wengi wakakimbilia miti mingine. Ala zilizokamilika zililegezewa masharti mwaka 2019. Hii ndiyo sababu moja ya seti za siku hizi kuwa na mbao ambazo babu zetu wa dansi hawakuziona kwenye magitaa yao.

Umeme unataka subira zaidi ya ufundi. Kuna waya mmoja ambao wanaoanza husahau: wa ethi, unaopita katika tundu jembamba kutoka darajani hadi mgongoni mwa kitufe cha sauti, ambako hulehemiwa. Mwili wa mpigaji hudaka mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na kuupeleka hadi kwenye pikapu. Nyuzi zikiunganishwa na ethi, mkono unaozigusa huunyamazisha. Pikapu yenye koili moja itabaki na mvumo kidogo hata hivyo. Seth Lover wa Gibson aliupunguza mwaka 1955 kwa koili mbili zenye mwelekeo tofauti, zinazofuta mvumo huku zikijumlisha sauti ya nyuzi.

Kisha nyuzi hukazwa, na mzigo wa kweli huanza. Nyuzi sita za kawaida huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 47, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji, na shingo hujikunja mbele. Ndani yake kuna fito ya chuma, wazo ambalo Thaddeus McHugh wa Gibson alipewa hataza yake mwaka 1923. Ikazwe kwa spana ya alen, robo mzunguko kwa wakati, hadi uzi uliobonyezwa kwenye freti ya kwanza na ya mwisho uwe juu ya freti za katikati ya shingo kwa milimita 0.25 hivi.

Baada ya hapo, kizingiti. Katika seti za bei nafuu hiki ndicho kipande dhaifu kuliko vyote: mifereji yake hukatwa juu mno, na noti za freti tatu za kwanza hupanda hata gitaa likiwa limetuniwa vizuri. Tupa nyembamba hushusha mfereji kidogo kidogo, na aliyepitiliza hununua kizingiti kingine. Mwisho linganisha oktavu: piga noti ya freti ya kumi na mbili, kisha gusa uzi pale pale bila kubonyeza. Ya kwanza ikiwa juu, rudisha nyuma kitako cha uzi kilicho darajani. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Nyuzi mpya hunyooka kwa siku mbili tatu, na shingo ambayo haijawahi kubeba mzigo huendelea kujikunja kwa wiki kadhaa, hasa ikitoka boksini kwenda kwenye unyevu wa Mombasa au ukavu wa Dodoma. Vipimo vyote virudiwe baada ya mwezi, na spana ya alen ikae ndani ya kasha la gitaa.