Petroli yenye ethanoli: faida zake na tahadhari kwa wenye pikipiki na magari

Wakazi wenye umri wa makamo huenda wakaikumbuka gasoholi, petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli iliyouzwa nchini kuanzia mwaka 1983. Ethanoli yake ilitengenezwa Muhoroni, katika kaunti yetu ya Kisumu, kwa molasi, ule urojo mweusi mzito unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa. Mpango huo ulikoma miaka ya 1990. Kwingineko mchanganyiko huu, uitwao E10, umekuwa jambo la kawaida. Uingereza iliufanya petroli ya kila siku mwaka 2021.

Je, unaokoa mafuta? Si kwa lita. Lita moja ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa takriban thuluthi moja ikilinganishwa na petroli. Kwa E10, upungufu huo ni kama asilimia 3: pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita itapoteza kilomita moja na ushei. Mwenye bodaboda atafaidika mfukoni iwapo tu bei ya mchanganyiko itashuka kufidia pengo hilo.

Faida iko kwenye uchomaji. Ethanoli hubeba oksijeni yake, hivyo mafuta huungua vizuri zaidi na ekzosi hutoa kaboni monoksidi kidogo, hasa kwa injini za kabureta. Pia huzuia injini kugonga, kazi iliyofanywa na risasi hadi petroli yenye risasi ilipoondolewa nchini mwaka 2006. Injini iliyoundwa kwa mgandamizo mkubwa huitumia sifa hiyo kuongeza nguvu. Pikipiki ya kawaida haitahisi tofauti kubwa.

Kuhusu hewa ukaa, muwa huifyonza unapokua, lakini trekta, lori na mtambo wa kukeneka navyo hula mafuta. Maji machafu ya kiwanda yasiposafishwa, mto ndio unaolipa.

Adui wa E10 ni maji. Yakizidi takriban kijiko kimoja cha chai kwa lita, ethanoli hujitenga na petroli na kuzama nayo chini ya tangi, mahali hasa injini inapovutia mafuta. Wavuvi wenye mashine za boti wanajua jinsi maji yanavyoingia kwenye jerikani kirahisi. Aidha, ethanoli hulainisha mipira ya zamani ya mafuta na kung'oa uchafu wa tangi, ambao huziba filta. Chombo chako kikiwa cha miaka mingi, mwambie fundi akague mipira hiyo kwanza.

Usijaribu kuchanganya mwenyewe. Chang'aa na spiriti za dukani zina maji mengi, na mvuke wake hushika moto upesi. Mchanganyiko halali hufanyika kwenye bohari kwa vipimo vilivyowekwa. Ukishuku petroli uliyouziwa imechakachuliwa, hifadhi risiti na upige ripoti kwa EPRA.