DOA JEKUNDU NA RISASI

Tayarisheni kalamu na karatasi, maana somo la leo lina hesabu. Tutaeleza jinsi ya kulenga shabaha kwa bunduki yenye kioo cha doa jekundu. Kwa askari wa wanyama pori, na kwa kila mwenye kibali cha bunduki, hili ni somo la kazi. Asiye na bunduki atapata zoezi zuri la kugawanya.

Kioo hiki ni nini? Ni chombo kidogo kinachofungwa juu ya bunduki. Ndani yake mna taa ndogo sana ya betri. Mwanga wake hupiga kioo kilichopinda, kisha hurudi jichoni mwako, nawe waona doa jekundu kana kwamba liko juu ya shabaha. Kumbe mwanga huo haufiki huko. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilileta sokoni kioo cha namna hii chenye taa ya umeme. Leo hutumiwa na wawindaji na majeshi ya nchi nyingi.

Wengi hudhani kwamba doa likiwa juu ya shabaha, risasi itafika papo hapo. Sivyo! Hapana budi kwanza doa na risasi vipatanishwe. Usipofanya hivyo, waweza kumlenga nyati moyoni ukampiga tumboni, na nyati mwenye jeraha huua watu.

Basi fanya hivi. Nenda kwenye uwanja wa shabaha wenye kilima cha udongo nyuma yake. Risasi iliyokosa yaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, na huko kuna watu. Weka shabaha mita 50. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Punguza mwanga wa doa mpaka lionekane tu, maana doa kali hufunika shabaha. Fumbua macho yote mawili, ukitazama shabaha, si doa. Vuta pumzi, itoe nusu, kisha bana kifyatulio polepole bila kukishtua. Piga risasi 3, ukilenga mahali pale pale.

Sasa tazama matundu. Yakiwa yametawanyika, usiguse skrubu za kurekebisha kioo. Huenda kioo hakikukazwa vizuri juu ya bunduki, au kosa ni la bega au la kidole. Tengeneza hilo, kisha piga tena. Lakini matundu yakikusanyika mahali pamoja, nje ya alama, basi mkono wako ni mwema. Kinachotaka kurekebishwa ni kioo.

Hapa ndipo pa hesabu. Skrubu ya kioo hulia "ta!" kila unapoizungusha kidogo. Soma karatasi iliyokuja na kioo, maana vioo havifanani. Tuseme yako inasema kwamba mlio mmoja husogeza risasi sentimita 1.5 kwa mita 100. Kwa mita 50 itakuwa nusu yake, yaani sentimita 0.75. Matundu yako yako chini ya alama kwa sentimita 6. Gawanya 6 kwa 0.75, utapata 8. Zungusha milio 8 kufuata mshale wa juu, kisha piga risasi 3 nyingine uhakikishe.

Ukibadili aina ya risasi, au bunduki ikianguka, jaribu tena kabla ya kwenda porini. Asiyesoma wala kuhesabu hubahatisha, na mwenye kubahatisha kwa bunduki huchezea roho za watu.

Maswali ya darasa:

1. Matundu yakitawanyika, kwa nini hatugusi skrubu za kurekebisha kioo?

2. Kwa mita 50, matundu yako kulia kwa alama sentimita 3. Utazungusha milio mingapi, na upande gani?